Zioke Saa Nne

Mzee Kidega alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kutu akanyamaza. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye ghala la silaha jeshini, na huko, wee, chuma chenye doa kilikuwa aibu yako na ya ukoo wako mzima. Alipostaafu alibaki Makindye, nyumba ya vyumba viwili si mbali na kambi, akaanza kuwinda kutu ya raia. Malango ya majirani, sufuria za mkewe Adong, baiskeli ya katekista, vyote vilipita mikononi mwake. Adong alikuwa akimwambia, "We mzee, siku moja utanisugua na mimi," naye anacheka, anaendelea kusugua.

Kwa hiyo alipopewa kazi ya kutunza stoo kwenye jengo moja refu lililokuwa likipandishwa karibu na Nakivubo, alihisi amerudi jeshini. Na palikuwa na furaha nyingine kubwa kuliko mshahara. Kreni ya jengo lile, ile ndefu inayoonekana hata ukiwa mbali, iliendeshwa na binti yake, Akumu. Ndiyo, mwanamke! Kila asubuhi Akumu alipanda ngazi hadi kwenye kile kibanda cha vioo, mita hamsini kutoka ardhini, na baba mtu alisimama mlangoni mwa stoo akimhesabia vidato mpaka afike. Hakumwambia mtu kwamba anahesabu.

Aliyekuwa chini na redio ya mkononi, akimwelekeza Akumu wapi pa kushusha na wapi pa kuinua, ni Ochan. Huyu alikuwa mtoto wa jirani yao Makindye, mwana wa pekee wa mjane mmoja aitwaye Ayaa. Ochan naye alikuwa na leseni ya kreni, akishika zamu Akumu akiumwa. Ochan na Mzee Kidega walikuwa watani wa kufa mtu. Tena utani wenyewe ulikuwa na chanzo.

Kiswahili cha Kidega kilikuwa cha kambini, alikiokota miaka ile kwa wenzake Waganda, na pamoja nacho akaokota ule ugomvi wao wa ela na era, L kukaa mahali pa R. Mwaka jana wafanyakazi walitakiwa wachague mwakilishi. Kidega akapewa kazi ya kuandika tangazo, akaandika kwa herufi kubwa, kwa rangi nyekundu: KESHO SAA SITA WATU WOTE TUPIGE KULA. Jamani! Kesho yake vibarua walikuja na sahani. Wengine na vijiko. Walijipanga mstari mbele ya stoo wakigonga sahani, Ochan akiwa wa kwanza, na aliyecheka mpaka akakaa chini alikuwa Nerima, injinia wa mitambo, binti wa Kibukusu kutoka Bungoma. Kidega alicheka pamoja nao. Lakini tangu siku hiyo akawa anaogopa kuulizwa maana ya neno la Kiswahili mbele za watu.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyoharibika.

Kichwa cha kreni kinakaa juu ya mnara wake kwenye pete kubwa ya chuma, na pete ile inashikwa na bolti. Zilikuwa arobaini na nane, na muda wa kuzibadilisha ulifika. Mpya zilikuwapo, ila zilikuwa zimewekwa kwenye stoo nyingine ya kampuni kule Bwaise. Mvua za Aprili zikaja, maji ya Bwaise yakaingia kama kawaida yake, na makasha yakashinda majini siku tatu. Yalipoletwa Nakivubo Kidega aliyafungua, akaona bolti za chuma kigumu kabisa, zile zenye namba 12.9 kichwani, zimevaa kutu nyekundu kama udongo wa Masaka. Moyo ulimuuma kweli. Bolti hizi ndizo zitakazomshika Akumu juu hewani, halafu ziende hivi?

Nerima hakuwapo, alikuwa kwao Bungoma kumzika shangazi yake. Kidega hakusubiri. Alichukua maji ya betri, akayazimua kidogo, akazitumbukiza bolti zote, akaketi kwenye kiti akizitazama zikitoa mapovu. Zilipotoka ziling'aa mpaka akatabasamu peke yake. Kisha, kwa kuwa askari hafanyi jambo bila kutoa ripoti, akamtumia Nerima ujumbe: "Injinia bolti ilikua na kutu sana. Mimi naweka kwa asidi sasa nangaa. Mafundi nafunga kesho kutwa."

Jibu lilikuja jioni. "Asidi?? Haya Mzee. Basi zioke saa nne kabla hazijafungwa. Usisahau tafadhali."

Kidega alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Zioke? Kinachookwa ni mkate. Ni viazi vitamu. Nani ameoka chuma tangu dunia iumbwe? Lakini Nerima alijulikana kwa kuandika mbio mbio na kumeza herufi. Akitaka kukuandikia "njoo" anaandika "njo", "sawa" inakuwa "swa". Tena huko alikuwa msibani, machozi machoni. Kidega akamhurumia, akamrekebishia: zioshe. Zioshe saa nne. Hapo ikaeleweka. Asidi lazima ioshwe, kila mtu anajua, na injinia ametaka iwe saa nne asubuhi, pengine kwa sababu ya jua la kukaushia. Wazo la kupiga simu kuuliza lilimjia. Akazikumbuka sahani na vijiko, akaliacha.

Kesho yake, saa nne kamili kwa saa ya mkononi, wala si saa nne na dakika moja, Kidega alianza kuosha. Aliosha kwa maji ya moto na sabuni, bolti moja moja, akazifuta kwa kitambaa cha pamba, akazipaka mafuta na kuzipanga juu ya meza kwa safu kama askari wa gwaride. Akamwandikia injinia: "Tayari. Saa nne kamili." Nerima akajibu: "Asante sana Mzee wangu. Umeniokoa." Siku iliyofuata, Jumanne, mafundi walipanda nazo, wakazifunga na kuzikaza kwa spana ile ya kupima nguvu mpaka kipimo kilichoandikwa. Jumatano Akumu akarudi kazini, na baba yake akahesabu vidato kwa moyo mweupe.

Alhamisi asubuhi Nerima alirudi. Alikuja stoo moja kwa moja na ndizi za Bungoma kwenye mfuko.

"Pole na msiba, injinia."

"Nimeshapoa, Mzee. Ila nikuulize, maana huko matangani nilikuwa nawaza wewe tu. Ile kazi ya kuoka, ulipata wapi oveni ya kushika joto kwa saa nne mfululizo?"

Kidega aliyarudia maneno yale moyoni. Saa nne mfululizo. Alilisikia na neno kuoka lenyewe, wazi, kwa sauti ya mwenyewe, halikumezwa herufi hata moja. Vibarua wawili walikuwa dirishani wakingoja kupewa koleo, na mmoja alikuwa yule aliyekuja na kijiko kirefu kuliko vyote.

"Napata," akasema. "Kwa mtu wa mikate. Huku chini."

"Kweli? Ulizioka zote?"

"Zote naoka."

"Afadhali!" Nerima alishusha pumzi, akamshika bega. "Unajua ningelala vipi? Asidi ikila chuma inaachia hewa, haidrojeni, nyepesi kuliko zote. Hewa hiyo inaingia ndani ya chuma chenyewe. Kwa nje huoni kitu, kinang'aa tu. Ukishaikaza bolti, ile hewa inakimbilia pale penye mkazo, penye kasoro ndogo usiyoiona kwa macho, inajazana pale, na chuma kinaanza kupasuka kutokea ndani. Leo hakuna kitu, kesho hakuna kitu, siku ya pili au ya tatu, paa! Inakatika yenyewe."

"Hata kama haijabeba mzigo?"

"Hata kreni ikiwa imelala. Chuma laini kingevumilia. Hiki kigumu ndicho hakiwezi. Dawa yake ni moto tu, kuoka polepole mpaka hewa itoke, tena mapema, kabla ya kukaza. Bila hivyo, Mzee, tungemuua mtu." Akatoa ndizi moja, akampa, akaenda zake ofisini.

Neno lilikuwa pale mdomoni. Nerima alikuwa hatua tatu tu, angemwita. Hakumwita! Alibaki na ndizi mkononi akijidanganya kama mtoto: aliosha kwa maji ya moto, si moto huo? Na mafuta je? Na siku mbili zimepita, kama ni kukatika si zingekatika? Aligawa koleo, akagawa misumari, akakosea hesabu mara mbili, na kila baada ya dakika alitoka mlangoni kutazama juu. Kreni ilizunguka, ikashusha ndoo ya zege, ikazunguka tena. Akajiambia atasema saa ya chakula, wakiwa wawili tu.

Ilipofika saa tano na nusu kibarua mmoja aliingia, akatupa kitu mezani. "Mzee, hiki kimeanguka chini ya kreni. Ni cha hapa?"

Kilikuwa kichwa cha bolti. Namba 12.9 ilisomeka vizuri, na mafuta aliyoyapaka kwa mkono wake yalikuwa bado yanateleza. Akakigeuza. Pale kilipokatikia hapakuwa pamevutika wala kupinda; palikuwa chembechembe tupu, kama sukari. Kidega alishashika vyuma vingi vilivyovunjika maishani mwake kuliko watu wengi, na hakuhitaji injinia wa kumwambia alichokishika.

Mungu ambariki au amlaani, wazo la kwanza lilikuwa Akumu. Na la pili. Na la tatu. Hakukimbilia ofisini kwa Nerima, ambako angeulizwa, angeeleza, angepoteza dakika huku mwanawe akining'inia kwenye bolti za sukari. Alimkimbilia Ochan.

"Mwite Akumu ashuke. Sasa hivi. Mtoto wake naumwa."

"Aryemo?" Ochan aliacha kucheka. "Ana nini?"

"Homa. Natetemeka. Adong napiga simu."

Ochan aliinua redio bila swali la pili. Huko juu mkono wa kreni ukasimama. Mlango wa kibanda ukafunguka, na Akumu akaanza kushuka, na Kidega akahesabu vidato kwa kurudi nyuma, midomo ikitetemeka kuliko huyo mtoto wa uongo. Alipokanyaga chini baba yake alimkumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake.

"Baba, amezidiwa?" Akumu aliuliza kwa Kiacholi, lugha yao ya nyumbani.

"Nenda tu, mwanangu. Panda bodaboda uende, usirudi leo."

Akaondoka mbio. Kidega alimtazama mpaka alipopotea getini, na nisikufiche, alifurahi. Alifurahi mpaka machozi. Mwanawe yuko chini, mwanawe ni mzima, sasa ataenda kusema yote na wamfunge wakitaka. Aligeuka na kumwona Ochan anafunga kamba ya helmeti, redio amempa mwenzake.

"Wewe wapi?"

"Juu, Afande. Zege limeshaanza kumwagwa, tukiliacha litaganda nusu. Mwambie Akumu asiwe na haraka, nitamaliza zamu yake, na ya kesho pia."

"Ngoja," Kidega akasema. "Ngoja kidogo. Kula kwanza."

Ochan akapasuka kicheko. "Leo ni kula au ni kura, Afande? Nilete sahani?" Akaushika mguu wa ngazi, akaanza kupanda.

Sentensi moja tu ilihitajika. Hata ya Kiswahili kibovu. Lakini kusema pale, mbele ya yule kijana, kulikuwa ni kusema pia kwa nini Akumu ameshushwa, na ulimi ulikataa. Kidega alienda ofisini kwa Nerima kwa miguu ya haraka, si ya kukimbia, maana aliogopa watu wangemwuliza anakimbia nini. Nerima alikuwa kwenye simu. Alimwinulia kidole: subiri. Na yeye, askari wa miaka ishirini na miwili, alisimama wima mlangoni akasubiri. Alisubiri dakika mbili nzima! Kidole kiliposhuka, aliweka kichwa cha bolti juu ya meza.

"Sijaoka," akasema. "Mimi nafikiri naandika zioshe. Naosha tu, saa nne asubuhi."

Nerima alikitazama kile chuma. Alinyakua redio ya mezani huku anakimbia nje. "Ochan! Ochan, shuka! Acha kila kitu ushuke!"

"Nimekusikia, injinia." Sauti ilikuwa imetulia. "Kuna vitu vinalialia huku nyuma. Nashusha ndoo kwanza, kuna watu chini yake."

"Iache ndoo! Shuka!"

"Dakika moja tu. Waambie wale watu watoke."

Watu walitoka. Ndoo ilishuka taratibu, ikakaa juu ya zege bila kumgusa mtu. Kisha ikasikika mlio mkavu, na mwingine, halafu mingi kwa mfululizo, na watu wa Nakivubo barabarani walilala chini wakidhani ni bunduki. Kidega hakulala. Alijua bunduki inavyolia, na alijua hizi si bunduki. Kichwa cha kreni kiliinama upande wa nyuma, penye vipande vizito vya kusawazisha mzigo, polepole kwanza, kama kinachofikiri, halafu kikashuka chote.

Vumbi la saruji lilipotulia hapakuwa na kibanda. Palikuwa na vyuma, vioo na watu wanaokimbia huku na huku wakiliita jina la Ochan, kana kwamba angeitika. Hakuitika. Walipomfikia walivua helmeti zao, na mmoja akavua shati lake akamfunika.

Nerima aliketi chini, pale pale kwenye kokoto. Alikuwa analia bila sauti, na alimshika Kidega mkono akamvuta akae karibu naye.

"Ni mimi," akasema. "Ningeandika vizuri. Ningeandika weka kwenye oveni. Ningekupigia simu, Mzee, kwa nini sikupiga simu? Nilikuwa natafuta mahali penye mtandao, nikaandika mbio mbio tu. Na leo asubuhi pia sikukuelewa, ulichanganyikiwa na maneno, nami nikaondoka. Wewe ulipojua tu umekuja kuniambia. Usijilaumu. Nimemuua mimi."

Mkono wa yule binti ulikuwa wa baridi, nao uliushikilia mkono wake kwa nguvu zote. Kidega angeweza kunyamaza milele. Hakuna aliyejua zaidi ya yeye, na kule ofisini wangeusoma ule ujumbe, wangesoma zioke, wangebishana juu ya herufi, na kosa lingegawanywa mpaka likawa dogo.

Simu yake ililia. Akumu.

"Baba, mbona sielewi?" Ilikuwa Kiacholi, haraka haraka. "Aryemo anaruka kamba uani. Mama anasema hajakupigia simu, hakuna aliyeumwa. Kwa nini umenishusha? Na nani amekaa kwenye kiti changu?"

Nerima hakujua hata neno moja la Kiacholi. Alimtazama tu kwa macho mekundu, akidhani ni mtu wa nyumbani anaulizia habari. Kidega angejibu kwa lugha yake, na mambo yangebaki baina ya baba na binti. Akafunga macho, akajibu kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno na kulitua mahali pake.

"Ochan alikaa. Ochan amekufa, mwanangu. Nilijua kreni itaanguka. Nilijua tangu asubuhi. Nilikushusha wewe, yeye nikamwacha apande."

Mkono wa Nerima ulitoka mkononi mwake. Alisimama, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Kwenye simu Akumu alinong'ona, na Kidega alilazimika kubana sikio moja ili amsikie.

"Baba. Ayaa yuko hapa. Nilipopita mbele ya mlango wake nilimwambia mtoto anaumwa, amekuja mbio na uji. Amesimama mbele yangu, ananiuliza kama Ochan amekula. Nimwambie nini?"

Nyuma ya sauti yake, Kidega alimsikia Ayaa akimwita Aryemo aje anywe uji ungali wa moto.